Usiku wa kwanza wa mgeni: Salamu iliyomfuta machozi Ibn Battuta

Na Mwandishi Wetu

Mtu akiingia peke yake katika mji asioujua, mchana humsahaulisha ugeni wake. Ana njia ya kuuliza, ana bei ya kupatana, ana mzigo wa kuangalia. Usiku ndio humfichulia hali yake. Maduka hufungwa, kila mwenye nyumba hurejea kwa watu wake, na asiye na wa kumrejea hubaki akisikia lugha asiyoifahamu ikipita chini ya dirisha. Wapo walioondoka makwao na nauli, vyeti na dua za wazazi, na usiku huo mmoja ukataka kuwarudisha.

Kila mwaka familia za Kiislamu za Afrika Mashariki huwaaga vijana wanaokwenda kusoma Madina, Cairo au Istanbul, na wengine wanaokwenda kutafuta riziki Muscat, Dubai na miji ya Ulaya. Mazungumzo ya nyumbani kabla ya safari huwa juu ya ada, viza na nguo za baridi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza: usiku wa kwanza atalala wapi, na nani atakayemtolea salamu? Swali hilo si dogo. Msafiri mashuhuri kuliko wote katika historia ya Waislamu alilizwa na jambo hilo hilo, akiwa na umri wa wanafunzi wetu wa chuo kikuu.

Kijana njiani

Abu Abdallah Muhammad, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier, nchini Morocco, mwaka 1304. Tarehe 2 Rajab mwaka 725 Hijria, sawa na Juni 14, 1325, alitoka nyumbani kwa nia ya kuhiji na kuzuru kaburi la Mtume (s.a.w.). Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, na mwenyewe amesimulia kwamba kuachana kuliwauma wao na kukamuuma yeye pia. Hakuwa na mwenzi wa kumliwaza wala msafara wa kufuatana nao.

Alipofika Tlemcen aliambiwa kuwa wajumbe wawili wa sultani wa Tunis ndio kwanza wametoka. Akaswali istikhara, akakaa siku tatu, kisha akawafuata. Ulikuwa msimu wa joto kali. Wajumbe wote wawili wakaugua, na mmoja wao akafariki. Ibn Battuta akaendelea na wafanyabiashara wa Tunis. Huko Bijaya homa ikamshika yeye mwenyewe. Sheikh Abu Abdallah al-Zubaidi, mwanachuoni aliyekuwa katika safari hiyo, alimshauri abaki mpaka apone. Kijana akakataa: ikiwa Mwenyezi Mungu amemkadiria kifo, basi kimkute njiani, uso umeelekea Hijazi. Sheikh alipoona azma yake haiyumbi, alimwambia auze mnyama wake na mizigo mizito, naye atamwazima kipando na hema.

Nje ya mji wa Constantine walipiga kambi, na usiku ikawanyeshea mvua kubwa hata wakayakimbia mahema na kujihifadhi katika nyumba zilizokuwa karibu. Huo ndio uliokuwa usiku wake wa kwanza hapo. Kulipokucha gavana wa mji alikuja, akaziona nguo za kijana zilivyochafuliwa na mvua, akaamuru zifuliwe nyumbani kwake. Shuka yake ya juu ilikuwa imechakaa. Gavana akampelekea badala yake kitambaa kizuri cha Baalbek, na katika ncha yake moja amefunga dinari mbili za dhahabu. Ibn Battuta anasema hiyo ilikuwa fadhila ya kwanza kumfikia katika safari yake.

Tuzingatie namna fedha ile ilivyotolewa. Gavana angeweza kuihesabu mbele za watu na kusikia sifa zake. Aliifunga katika ncha ya nguo, ili kijana aikute mwenyewe na uso wake usalie. Wazee wetu wa pwani waliita jambo hili sitara, na mgeni huihitaji sitara kama anavyohitaji chakula.

Machozi ya Tunis

Baada ya Annaba homa ilirudi kwa nguvu. Alidhoofika hata akajifunga katika tandiko kwa kilemba chake asije akaanguka, na kwa kuwa njia haikuwa salama, hakuthubutu kushuka wala kubaki nyuma. Hali ikiwa hiyo, ndipo walipofika Tunis.

Watu wa mji walitoka kuja kumlaki Sheikh al-Zubaidi na msafiri mwingine, mtoto wa kadhi. Wakasalimiana, wakaulizana hali, kila mmoja akapata wake. Kwa Ibn Battuta hakuja mtu, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja aliyemjua. Alipoona kila upande salamu zinapokewa na yeye hana wa kumsalimu, moyo ulimjaa akashindwa kujizuia. Akalia, na kulia kwake kukawa kwa uchungu.

Mmoja wa mahujaji aliyaona hayo akafahamu sababu yake. Alimwendea, akamsalimu, akamkaribisha kwa maneno ya upole, wala hakuacha kumzungumzisha mpaka walipoingia mjini. Usiku huo Ibn Battuta akapata makazi katika madrasa ya wauza vitabu.

Kitabu chake kina majina mengi ya masultani, makadhi na mashekhe. Hujaji huyu hatajwi jina. Hata hivyo takriban miaka 30 baadaye, baada ya kufika India, Maldives na China, Ibn Battuta aliposimulia habari zake kwa mwandishi Ibn Juzayy huko Morocco, katika kitabu kilichokamilika mwaka 1355, salamu ile ilikuwa bado imo moyoni mwake. Aliyeitoa hakupungukiwa na kitu, na pengine aliisahau kabla ya swala iliyofuata.

Inafaa tuulize ni kipi hasa kilichomliza kijana yule. Gavana wa Constantine alikuwa amempa nguo na dinari. Ana kipando, na yumo katika msafara wa watu wema waliomjali alipougua. Hakulizwa na njaa wala na ufukara. Alilizwa na kuona furaha ya wenzake ikipita kando yake. Ndiyo hali ya kijana anayetoka katika mlango wa uwanja wa ndege, akaona watu wanakumbatiana, majina yameandikwa katika vibao, na katika vibao vyote hivyo jina lake halimo.

Baada ya hapo Tunis haikumtupa. Alisherehekea huko Idd el-Fitr, na kabla mwaka huo haujaisha alitoka mjini akiwa amechaguliwa kuwa kadhi wa msafara wa mahujaji. Mji ulikuwa ule ule na kijana ni yule yule.

Pwani yetu ilivyompokea

Miaka sita baadaye, mnamo 1331, Ibn Battuta alishuka katika mwambao wetu, na hapo alikuta desturi iliyomshangaza. Jahazi lilipotia nanga Mogadishu, mashua ndogo zililiendea zikiwa na vijana, kila kijana na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kila mmoja alimpa sahani yake mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Kuanzia hapo mfanyabiashara huyo hakukaa pengine ila kwa mwenyeji wake, isipokuwa yule aliyekwisha kuuzoea mji. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa na kumnunulia mahitaji. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu mwenyeji wake hayupo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili.

Desturi hii haikuwa ya ukarimu mtupu. Biashara ya mwenyeji nayo ilipata faida. Lakini ilimkinga mgeni katika saa yake dhaifu kuliko zote, pale ambapo hajui bei, hajui lugha wala hajui nani mkweli. Kabla mguu wake haujagusa mchanga, alikuwa tayari ana mtu wa kumsemea.

Ibn Battuta hakuwa mfanyabiashara. Vijana walipoambiwa kuwa yeye ni mwanachuoni, walipaza sauti kwamba huyo ni mgeni wa kadhi, na kadhi mwenyewe akaja ufukweni na wanafunzi wake kumpokea. Alipelekwa kwa sultani, akapewa tambuu na popoo, akamiminiwa marashi ya waridi ya Damascus, kisha akapelekwa kulala katika nyumba ya wanafunzi. Chakula chake kilitoka kwa sultani: wali uliopikwa kwa samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na achari ya ndimu, pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Mama wa Lamu au wa Unguja akiisoma orodha hiyo leo atalitambua jiko lake. Alikirimiwa hivyo kwa siku tatu.

Kutoka hapo alikuja Mombasa, akalala usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa. Katika usiku huo mmoja aliona mengi ya kuandika. Misikiti ilijengwa kwa mbao kwa ustadi mkubwa. Mlangoni mwa kila msikiti palikuwa na kisima kifupi kimoja au viwili, na chombo cha mti chenye mpini cha kutekea maji. Watu walitembea pekupeku. Aliyetaka kuingia aliosha miguu yake, kisha akaifuta katika mkeka mzito uliotandikwa hapo. Alishuhudia kwamba ni watu wa madhehebu ya Shafii, wenye dini, staha na wema. Hivyo ndivyo mgeni wa usiku mmoja alivyowahukumu wazee wetu: kwa maji na mkeka wa mlangoni. Miji yetu nayo huandikwa hivyo hivyo leo, na watu ambao hatutawaona tena.

Walipovutana kwa ajili ya mgeni

Kisa cha tatu kilitokea Anatolia, katika Uturuki ya leo, miaka hiyo hiyo ya 1330. Ibn Battuta na wenzake walipokuwa wakiingia mji wa Denizli, wanaume walitoka madukani, wakazikamata hatamu za farasi wao. Mara wakaja wengine wakashindana nao, hata baadhi wakachomoa visu. Wageni hawakujua Kituruki. Waliamini wameangukia mikononi mwa wanyang'anyi.

Mungu akawaletea mtu aliyejua Kiarabu. Akawaeleza kwamba hao ni makundi mawili ya udugu wa vijana waitwao Akhi, na kila kundi linataka wageni washukie kwake. Ugomvi ulimalizwa kwa kupiga kura: kundi lililoshinda likawachukua kwanza, na la pili likapewa zamu yake baadaye.

Udugu huo haukuwa wa matajiri. Katika mji wa Antalya, Ibn Battuta alialikwa na mtu mwenye nguo zilizochakaa na kofia ya sufi. Alimwonea huruma, akadhani kumlisha yeye na wenzake kutamwelemea. Mwenyeji wake akacheka, akamwambia kuwa huyo ni kiongozi wa Akhi, fundi wa ngozi, na wafuasi wake wapatao mia mbili ni mafundi kama yeye. Walichochuma mchana walikileta pamoja jioni, wakakitumia kuwakirimu wageni.

Dini inamwonaje mpita njia

Mambo haya hayakuota yenyewe katika miji hiyo. Qur'ani imemtaja mpita njia, ibnu sabil, miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka katika Surat at-Tawba, hata kama huko kwao ana mali, maadamu njiani ameishiwa. Imetusimulia habari za Nabii Ibrahim (a.s.), ambaye wageni asiowajua walipomwingilia hakuwauliza kwanza wametoka wapi; alikwenda kimya kwa ahali yake akarudi na ndama wa kuchoma.

Nabii Musa (a.s.) naye aliyaonja yote mawili. Alipokimbia Misri aliingia Madyan peke yake, mwenye hofu, asiyejua mtu. Aliwasaidia mabinti wawili kunywesha mifugo yao, akajitenga kivulini akimwomba Mola wake heri yoyote. Mmoja wao akarudi kwa haya kumwita kwa baba yao, na mzee yule alipoisikia habari yake akamtuliza kwamba asihofu. Katika Surat al-Kahf, Musa anafika mji mwingine pamoja na yule mja mwema. Wanaomba chakula na watu wa mji wanakataa kuwakirimu. Miji yote miwili imebaki katika Kitabu, kila mmoja na sifa yake.

Mtume (s.a.w.) ameufungamanisha ukarimu kwa mgeni na kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho. Amefundisha kwamba ugeni ni siku tatu, na unaozidi hapo ni sadaka, na kwamba si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Waswahili nao husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Haki ya mgeni ina mpaka wake, na mpaka huo ndio unaomwezesha hata maskini kuufungua mlango wake bila hofu.

Kwa wazazi na kwa msafiri

Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya mtu kusafiri peke yake usiku. Familia inayomwandaa kijana ianze hapo: atafutiwe wa kuandamana naye, japo mtu mmoja anayekwenda mji huo huo. Ikishindikana, ichaguliwe safari inayofika mchana, hata kama nauli itazidi kidogo. Kwa binti, suala la maharimu waulizwe masheikh kabla ya kukata tiketi.

Mahali pa kulala usiku wa kwanza pajulikane na palipiwe kabla ya kuondoka. Anwani yake iandikwe katika karatasi kwa lugha ya nchi ile, kwa kuwa simu huzimika na betri huisha. Jina na namba ya mtu mmoja mwaminifu, awe mwanafunzi aliyetangulia au imamu wa msikiti wa jirani, ziwe katika karatasi hiyo hiyo. Nakala za pasipoti zikae mbali na pasipoti yenyewe, na fedha zisiwekwe zote mfuko mmoja.

Kijana aonywe pia juu ya ukarimu wa uongo. Anayemlaki mgeni asiye na mwenyeji si lazima awe hujaji wa Tunis. Kwenye viwanja vya ndege na stendi wapo wanaoitambua sura ya aliyepotea, nao huwa wepesi wa kusema "ndugu yangu". Asimkabidhi mtu pasipoti, wala asiingie gari la aliyemfuata bila kuitwa. Mahali ambapo watu wema hawafiki, wengine huwahi.

Swala isipotee katika machofu ya safari. Wengi hudhani kuwa usiku ule wa kwanza wanaendelea kupunguza. Kwa madhehebu ya Shafii, aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekoma anapofika, na hapo huswali kamili. Mwanafunzi wa miaka minne yumo katika hukumu hiyo. Azikumbuke nyakati za mji ule na kibla chake kabla ya kulala.

Na kabla hajalala, awape habari wazazi. Ibn Battuta alipokuwa Damascus mwaka 1348 alielezwa na mtu wa kwao kuwa baba yake alikwisha fariki miaka 15 nyuma, ila mama yungali hai. Akaelekea nyumbani. Aliporejea Morocco mwaka uliofuata, alipata habari akiwa njiani kuwa mama naye amefariki katika tauni, na Tangier aliingia kuzuru kaburi lake. Zama zake barua ilitegemea msafara. Kijana wa leo hana udhuru huo. Ujumbe wa maneno matatu, "nimefika, nipo salama", humpa mama usingizi.

Kwetu sisi wenyeji

Kila mji ni wa ugeni kwa mtu fulani. Dar es Salaam, Mombasa na Kampala hupokea kila jioni vijana kutoka mikoani na nchi jirani, na wengi wao wakishuka kwenye basi jambo la kwanza ni kutafuta msikiti. Wanaswali Isha safu ya nyuma, mkoba umewekwa karibu na ukuta. Imamu akimaliza, waumini husalimiana wanaojuana, hutoka vikundi vikundi, na mlinzi huanza kuzima taa.

Kamati ya msikiti inaweza kumteua mtu mmoja kwa zamu kila wiki, kazi yake iwe kumfuata mgeni baada ya swala, kumsalimu na kumuuliza ametoka wapi na analala wapi. Upande wa wanawake uwe na dada wa kazi hiyo hiyo. Inafaa pawe na namba za nyumba mbili tatu za wageni zinazoaminika, na fungu dogo la mpita njia lisilochanganywa na mengine. Mafundi wa Antalya walifanya zaidi ya hayo kwa ujira wao wa kutwa. Nyumbani nako watoto wafundishwe kuwa mgeni hakai kitako dakika tano kabla ya kupata maji ya kunywa.

Huko ugenini, mwana wa mmoja wetu anatoka msikitini usiku huu akiwa hajasalimiwa. Hatuwezi kumfikia. Tunayemfikia ni yule wa safu ya nyuma, ambaye mama yake naye yuko mbali anamwombea. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awajaalie wa kuwasalimu, na atujaalie sisi kuwa miongoni mwa wanaosalimu. Amin.